Kikombe cha tatu: barua ya wazi kuhusu mlango wa chumba cha marubani

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Mkurugenzi wa Operesheni za Ndege,
Mkuu wa Usalama,
wa shirika la ndege lililonibeba.

Nakala: wasimamizi wa usafiri wa anga katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

YAH: ABIRIA KUINGIZWA CHUMBA CHA MARUBANI NDEGE IKIWA ANGANI

Ndugu Wakurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za kwanza niliwaandikia ninyi peke yenu, kwa heshima, nikiamini kwamba jambo la ndani linamalizwa ndani. Ya kwanza ilijibiwa na mashine iliyonishukuru kwa kusafiri nanyi. Ya pili ilijibiwa kwa mistari minne: kwamba ile ilikuwa "ziara fupi ya mgeni", kwamba mgeni "alipitia ukaguzi wa kawaida" na "hakugusa chochote", kwamba "hakuna aliyedhurika", na kwamba suala "limepokelewa". Ya tatu haikujibiwa. Miezi mitano imepita, na nimepanda ndege zenu mara mbili tena katika muda huo kwa sababu sina njia nyingine ya kumfikia mama yangu anapougua. Kwa hiyo leo naandika mbele ya watu.

Jina la shirika sitalitaja, wala tarehe, wala namba ya safari. Yote mnayo katika barua zangu. Nimeyaacha kwa sababu moja tu: nikiyaweka hapa, wa kwanza kuitwa ofisini hatakuwa kapteni. Atakuwa binti aliyebeba chai.

Niruhusuni nieleze nilichokiona, ili wasomaji waipime wenyewe hiyo "ziara fupi".

Nilikaa kiti cha njiani, safu ya nne. Nilifanya kazi ya uhudumu wa ndege kwa miaka 11 kabla ya kuacha ili nilee wanangu, na mtu aliyeifanya kazi ile hapandi ndege kama abiria wengine. Macho yanabaki kazini. Dakika ishirini hivi baada ya kuruka, taa ya mikanda ikiwa imezimwa, mkuu wa wahudumu alimwinamia bwana mmoja wa safu ya pili, wakanong'onezana. Bwana akavua koti, akaliweka kitini, akaenda mbele. Simu ya ndani ikainuliwa. Mlango ukafunguka, ukafungwa nyuma yake.

Nikajiambia ni mkaguzi. Wakaguzi wa anga huingia mle, ni kazi yao, lakini huja na vitambulisho na majina yao huwa yameandikwa kabla ndege haijaondoka. Mkaguzi haingii na simu mbili mkononi huku akiwapungia wenzake.

Kisha akatokea binti mhudumu, mdogo kuliko wote katika kundi lile, ameshika sinia. Marubani wanapoomba chai, sinia huwa na vikombe viwili. Sinia lile lilikuwa na vitatu. Alisimama mbele ya mlango muda mrefu kuliko inavyohitajika, akageuka kumtazama mkuu wake. Mkuu akamwashiria kwa kidevu: ingia. Nilisikia vijiko vikigongana juu ya sinia, na hewa siku hiyo ilikuwa imetulia kabisa.

Bwana hakutoka. Tukaanza kushuka, taa ya mikanda ikawaka, wahudumu wakapita kukagua. Walipofika safu ya pili wakakuta koti peke yake, wakapita bila kusema neno. Tulitua koti likiwa pale pale. Mwenyewe alitoka baada ya ndege kusimama, anatabasamu, akalivaa, akateremka kabla yetu.

Usiku ule, kabla sijalala, nilitumiwa video na mtu ambaye hakujua kwamba nilikuwemo ndani ya ndege ile. Ni ya sekunde kama arobaini. Mbele zinaonekana taa za njia ya kurukia, mistari miwili inayokuja na kupanuka. Kapteni anageuza kichwa nyuma, anaongea na anayepiga picha, anacheka. Rubani msaidizi hacheki. Mabati ya nyumba chini yetu yalikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuyahesabu.

Katika safu iliyo nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, amemfunga kwa khanga kifuani chini ya ule mkanda mdogo wa watoto. Nimemfikiria mara nyingi. Yeye hakuulizwa kama anamkubali yule bwana akae mle.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Mlango ule una sheria yake, na sheria hiyo si mpya. Tangu tarehe 1 Novemba 2003, kwa mujibu wa Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kila ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 60, au yenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 45,500, inatakiwa kuwa na mlango wa chumba cha marubani unaohimili risasi za silaha ndogo, vipande vya guruneti, na mtu anayetaka kuuvunja kwa nguvu. Mlango huo ufungwe na ukomewe tangu milango ya nje inapofungwa abiria wakishapanda, hadi mmojawapo utakapofunguliwa wateremke. Katikati hapo unafunguliwa kwa watu wenye idhini tu, pale inapobidi. Na marubani wawe na njia ya kuliona eneo lote la nje ya mlango kabla hawajamruhusu mtu. Msijitetee kwamba ndege zenu ni ndogo: hata ATR 72 ya viti 70, ile ya mapanga tunayoipanda kila siku huku kwetu, imo ndani ya kipimo hicho. Mliulipia mlango huo fedha nyingi. Kisha mkaufungua kwa kunong'onezana.

2. Mtu aliyekaguliwa uwanjani bado humjui. Katika mistari yenu minne mliandika kwamba mgeni "alipitia ukaguzi wa kawaida". Wasomaji wa Nairobi hawahitaji kukumbushwa mbali. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways safari namba 2069, Boeing 747-400, ilikuwa inatoka London Gatwick kwenda Nairobi na watu 398. Juu ya anga la Sudan, alfajiri, abiria mmoja aliingia chumba cha marubani na kuurukia usukani. Kapteni William Hagan alikuwa mapumzikoni. Aliyekuwa kitini ni rubani msaidizi Phil Watson. Mfumo wa kuendesha ndege wenyewe ukakatika, ndege ikainua pua, ikapoteza nguvu ya kuelea, ikaporomoka maelfu ya futi huku watu wakipiga mayowe gizani. Kapteni alirudi mbio, abiria wakasaidia, wakamng'oa yule mtu, na marubani wakaiweka ndege sawa. Ilitua Nairobi salama.

Yule abiria hakuwa gaidi wala hakuwa na silaha. Alikuwa mgonjwa, ameshikwa na hofu kwamba kuna watu wanaotaka kumuua. Mashine ya uwanjani ingemkagua mara kumi na isingeliona hilo hata mara moja, maana inaona chuma na haioni kilichomo kichwani mwa mtu. Enzi hizo mlango ulikuwa mwepesi. Milango migumu tuliyo nayo leo ilikuja baada ya Septemba 11, 2001, lakini mimi huwa nasema kwamba sisi watu wa njia ya Nairobi tulikuwa tumeshaonyeshwa zaidi ya miezi minane kabla.

Na kabla ya hapo tulionyeshwa kwa ukali zaidi. Tarehe 23 Novemba 1996, watu watatu waliingia chumba cha marubani cha Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi. Shoka walilomtishia nalo Kapteni Leul Abate walilitoa humo humo chumbani, kwa sababu chumba kile huwa na shoka la dharura. Waliamuru wapelekwe Australia. Kapteni aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumsadiki. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro, mbele ya watalii na wavuvi. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, Mkenya aliyeipiga picha njaa ya Ethiopia mwaka 1984 hadi dunia ikaamka. Nilipokuwa kazini, kila mafunzo ya kila mwaka tulikuwa tunarudi kwenye safari ile, na kila mara kulikuwa na mtu chumbani aliyempoteza ndugu au rafiki.

Simfananishi mgeni wenu na watekaji. Ninachosema ni kwamba mliyemjua ni jina lake. Hali yake usiku ule, alichokunywa, aliyegombana naye asubuhi, hamkuvijua, wala hamkuwa na njia ya kuvijua.

3. "Hakugusa chochote." Hili ndilo jibu linaloniogopesha kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usiku wa tarehe 23 Machi 1994, Airbus A310 ya Aeroflot, safari namba 593, ilikuwa inatoka Moscow kwenda Hong Kong. Ndege ilikuwa mpya, hali ya hewa nzuri, injini nzima. Mmoja wa makapteni alikuwa amesafiri na wanawe wawili, akawaita mbele waione kazi ya baba yao. Alianza kumkalisha binti kwenye kiti chake, kisha mvulana wa miaka 15. Mfumo wa kujiendesha ulikuwa umewashwa, kwa hiyo baba aliamini kwamba usukani aliokuwa ameushika mtoto haukuwa na kazi yoyote. Ni kama kumwachia mtoto ashike usukani wa gari lililozimwa.

Lakini mvulana aliubana usukani kwa nguvu kinyume na mfumo kwa nusu dakika hivi, na mfumo ukaachia sehemu moja tu ya kazi yake: ile ya kuzilaza mbawa kushoto na kulia. Sehemu nyingine ziliendelea. Hakukuwa na kengele. Kiliwaka kitaa kidogo, na marubani wale walikuwa wamezoea ndege za Kisovieti ambazo jambo kama hilo huja na sauti. Ndege ikaanza kulala ubavu polepole, gizani, na wa kwanza kuona kwamba inageuka alikuwa ni mtoto. Aliuliza kwa nini inageuka. Wakubwa wakaanza kujadiliana sababu.

Walipotambua, ndege ilikuwa imelala mno, uzito wa miili yao umeongezeka kiasi kwamba kapteni alishindwa kurudi kwenye kiti chake mwenyewe, kwa sababu mwanawe alikuwa amekikalia na wote wawili wamebanwa walipo. Walipigana nayo. Waliiinua, ikazidi, ikaporomoka tena. Walikaribia kuiokoa, kilichowaishia ni urefu wa anga. Ilianguka kwenye milima ya Siberia na watu 75, hakupona hata mmoja.

Baba yule hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa rubani mwenye uzoefu, anayewapenda wanawe. Hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa na nia mbaya. Ndiyo maana ninaposoma "hakugusa chochote" katika barua ya shirika la ndege mkono wangu unakuwa baridi. Chumba kile ni kidogo. Kiti cha ziada kiko nyuma ya marubani, lakini goti la mtu mzima linafika mbali, mkono ulioshika simu ukinyooshwa kupata picha nzuri unafika mbali zaidi, na katikati ya viti viwili ndipo zilipo leva za nguvu za injini. Chai moto nayo ilikuwamo. Vikombe vitatu.

4. Alikuwemo wakati wa kushuka na kutua. Hata kama ningekubali yote yaliyotangulia, na siyakubali, hili halina pa kulitetea. Mwaka 1974, tarehe 11 Septemba, ndege ya Eastern Airlines safari namba 212 ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu, wakafa watu 72. Wachunguzi walikuta marubani walikuwa wanapiga soga, siasa na magari ya mitumba, huku ndege inashuka chini ya kiwango. Kutokana na ajali kama hiyo, mwaka 1981 Marekani iliweka kanuni ambayo leo inafuatwa karibu kila mahali: chini ya futi 10,000, ndani ya chumba kile hakuna neno lisilohusu safari. Sisi wahudumu tulifundishwa hata kutowapigia simu marubani kipindi hicho isipokuwa kuna jambo la usalama. Mimi niliwahi kukaripiwa, na nilistahili, kwa kuuliza kuhusu kiti cha magurudumu cha abiria tukiwa tunashuka. Sasa mnisaidie: mhudumu anakatazwa kuuliza kuhusu kiti cha mgonjwa, na mgeni anaruhusiwa kumchekesha kapteni taa za njia ya kurukia zikiwa mbele ya pua?

5. Yule binti. Kapteni akisema "mlete", mkuu wa wahudumu atamleta, na mhudumu mdogo atabeba chai. Ndivyo ngazi ya kazi ile ilivyo, na mnaijua. Mkataba wake pengine ni wa mwaka mmoja. Ana wadogo zake wanaosomeshwa kwa mshahara ule. Akisema hapana, nani atasimama naye? Nauliza kwa sababu najua jibu lilivyokuwa enzi zangu, na uso wake mbele ya ule mlango uliniambia halijabadilika.

Wenzetu wameshaliona hili. Februari 27, 2023, katika safari ya Air India kutoka Dubai kwenda Delhi, rubani alimwingiza rafiki yake chumba cha marubani. Aliyelipeleka suala kwa mdhibiti wa anga wa India alikuwa mhudumu wa ndege ile ile. Leseni ya rubani ilisimamishwa miezi mitatu, na shirika lenyewe likatozwa faini ya rupia milioni 3 kwa kutolishughulikia jambo la usalama kwa haraka na kwa uzito wake. Isomeni tena sehemu hiyo ya mwisho: rubani aliadhibiwa kwa kufungua, shirika likaadhibiwa kwa kukaa kimya. China mwaka 2019, picha ya mwanamke ameketi chumba cha marubani cha ndege ya Air Guilin iliposambaa, shirika lilimzuia kapteni kurusha ndege zake maisha. Hapa kwetu video imetazamwa na kila mtu, na mimi ndiye ninayeandika barua.

6. Video ile imefundisha. Mpwa wangu wa miaka 16 ameniuliza ni shilingi ngapi kuingia mle.

Ndugu Wakurugenzi, najua mtakayonijibu, kwa sababu baadhi nimeshajibiwa kwa simu na watu wa ofisi yenu ambao hawakutaka kuandika.

Mtasema kapteni ndiye mwenye mamlaka ndani ya ndege. Ni kweli, na ninayaheshimu mamlaka hayo. Nimewahi kuona kapteni akiitumia mamlaka hiyo kurudisha ndege nzima kwa sababu ya harufu ya waya ulioungua, na hakuna aliyembishia. Lakini alipewa kwa ajili ya usalama wa waliomo. Hakupewa kama mwenye nyumba anavyopewa sebule yake. Kapteni anaweza kukataa kuruka. Hawezi kuamua peke yake kwamba kanuni ya mlango haimhusu rafiki yake.

Mtasema zamani ilikuwa kawaida. Ilikuwa. Na mimi ni mmoja wa waliofaidi. Mwaka 1989, nikiwa na miaka tisa, tukitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, mhudumu alinishika mkono akanipeleka mbele. Nakumbuka vitaa vingi kuliko nilivyowahi kuona, harufu ya ngozi ya viti na kahawa, na kapteni aliyenyoosha kidole kushoto akaniambia, "Ule pale, Kilimanjaro." Theluji ilikuwa chini ya macho yangu. Nilirudi kwenye kiti nikamwambia mama nitafanya kazi ndani ya ndege, na nikaifanya. Kwa hiyo ninayeandika hapa najua kilichopotea mlango ule ulipokomewa. Watoto wangu hawakukipata, na kiliniuma. Lakini nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa tunajengea juu ya bahati, na bahati ile iliisha kwa watu wengi mno.

Mtasema mbona kwenye vindege vya Cessna Caravan, vinavyokwenda Unguja, Mafia na Serengeti, abiria huketi kabisa kando ya rubani. Ni kweli, na mimi nimekikalia kiti hicho. Ndege ile ina viti kama kumi na viwili, haina chumba cha marubani wala mlango, iko nje ya kipimo nilichokitaja, na kila aliyepanda anaona nani amekaa wapi. Rubani hukuambia kabla ya kuwasha injini: miguu mbali na pedali, mikono mbali na usukani. Hakuna anayefichwa kitu. Ninyi mlitufungia mlango, mkatuambia ni kwa usalama wetu, kisha mkaufungua kwa mmoja.

Na wapo watakaosema mlango uliokomewa nao umeua. Hili silipuuzi, linaumiza. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya shirika la Msumbiji, LAM safari namba 470, kutoka Maputo kwenda Luanda, ilishushwa makusudi ikaanguka Namibia na watu 33. Rubani msaidizi alikuwa ametoka, na sauti ya kugonga mlango imo kwenye kinasa sauti. Mwaka 2015, tarehe 24 Machi, ikawa Germanwings, watu 150, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa. Misiba hiyo ilitufundisha kwamba rubani asibaki peke yake, na kwamba afya ya akili ya marubani ishughulikiwe bila kuwaaibisha. Pale utaratibu huo unapofuatwa, anayebaki na rubani ni mhudumu aliyefunzwa. Bwana wa kiti cha safu ya pili hakuwekwa mle ili amlinde mtu.

Sasa ninachoomba. Si kingi, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti mpya.

Naomba mseme hadharani, kwa barua yenye sahihi, nani ana idhini ya kuingia chumba cha marubani ndege ikiwa angani, na kwamba jina la kila mtu wa namna hiyo litaandikwa kabla ya milango kufungwa, pamoja na sababu na aliyeidhinisha. Ambaye jina lake halipo asiingie, awe waziri, msanii, mwanahisa au shemeji wa kapteni.

Naomba mhudumu yeyote apewe haki ya maandishi ya kukataa kumfungulia mtu asiyeorodheshwa, na akitumia haki hiyo asihamishwe, asikatwe safari, asinyimwe mkataba. Taarifa yake iende moja kwa moja kwa mkuu wa usalama bila kupitia kwa kapteni anayemlalamikia.

Naomba uchunguzi wa safari ile ufanyike na matokeo yake yafikishwe kwetu tuliokuwemo. Orodha ya abiria mnayo. Simtakii kapteni yule kufukuzwa kazi. Aliitua ndege vizuri na huenda ni rubani bora kuliko wengi. Nataka aitwe, aonyeshwe video yake, aambiwe kilichotokea Siberia mwaka 1994, kisha aelezwe kwa maandishi kwamba haitarudiwa.

Naomba watoto wafunguliwe mlango ndege ikiwa imeegeshwa. Injini zimezimwa, ngazi imewekwa, abiria wanateremka: hapo muwaite. Dakika tano zinatosha. Mtoto atashika usukani usiokwenda popote, mama yake atapiga picha, na mtakuwa mmelipatia shirika mhudumu au rubani wa miaka ishirini ijayo.

Kwa wasimamizi wa anga wa nchi zetu, ombi langu ni moja: wekeni utaratibu ambao abiria au mhudumu anaweza kuripoti mlango uliofunguliwa, apewe namba ya taarifa, na ajibiwe. Mimi nilitafuta pa kupeleka, nikaishia kuzungushwa kati ya madawati.

Nitasubiri majibu yenu siku 30 kuanzia leo. Nakala za barua zangu tatu, na risiti ya tiketi, ninazo, nitamkabidhi mchunguzi yeyote halali atakayeziomba.

La mwisho si lenu, ni la yule binti, kama litamfikia. Mdogo wangu, nilikuona ulivyosimama pale mlangoni na sinia. Ulijua. Ukiitwa kutoa maelezo, sema uliyoyaona, na kama watataka shahidi, mimi nilikuwa safu ya nne.

Wenu,

Abiria, na mhudumu wa zamani wa ndege